Harufu ya Pili

Kapela alizima pikapu mbele ya gereji yangu, Ipuli,
akashuka akinusa mikono yake
kama mtu aliyesalimiana na asiyemwamini.
"Inaungua," akasema. "Tangu Sikonge inaungua,
na sijui ni nini."

Moshi? Hakuna.
Taa kwenye dashibodi? Hakuna.
Klachi? Imeshika vizuri, hata kwenye mchanga wa porini.
"Basi inanukaje?"
Akafikiri. Akaona haya kidogo.
"Tamu."

Kuna harufu ninazozijua hata usingizini.
Waya hunuka kama kitana kilichoangukia mkaa.
Mkanda wa feni, kandambili jalalani.
Oili ikidondokea ekzosi, hapo ni jikoni
kwa shemeji asiyejua kukaanga.
Lakini tamu,
tamu huniamsha.

Nilikulia Urambo, mlangoni pa bani la tumbaku.
Baba akilala, mimi nikichochea,
naye alinifunza kwa pua: jani likiiva lina utamu wake,
na utamu huo ukizidi kidogo tu
umechelewa.
Usiku mmoja nilichelewa.
Kila kitu kiliungua
isipokuwa deni la mbolea.

Nikamtuma Msheleli, kijana wangu, alete jeki.
Kabla hajarudi, nyuki walikuwa wamefika.
Mmoja. Watatu. Kisha sikuhesabu tena.
Walizunguka chini ya bodi, upande wa nyuma,
penye tundu la kutu, upana wa shilingi mia.
Ndoo moja ilikuwa imepasuka, na asali ikidondoka
taratibu, kama mwenye siri,
juu ya bomba la ekzosi,
ikaungua, ikaganda, nyeusi kama lami.

Kapela akashika kichwa.
"Asali ya kikundi hii! Nitawaambia nini?"
"Waambie uzito wa kweli," nikasema.
"Na ndoo zako uzikague kabla ya kupakia."

Tukangoja bomba lipoe. Maji ya moto, brashi ya waya,
kipande cha bati juu ya tundu, riveti sita.
Msheleli akaanza kukusanya spana.
Kapela akatia mkono mfukoni.

Nikasema, ngoja.
Washa.

Dakika tano. Kumi. Injini inanguruma vizuri,
nyuki wanalamba matone yaliyobaki vumbini,
na kule mbele, karibu na boneti,
ikaja tena: tamu. Nyembamba zaidi,
kama sauti ya mtu anayeongea chumba cha pili.
Lakini huku hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Nikafungua boneti, nikapitisha tochi.
Klipu imelegea. Mpira wa rejeta umechanika
mpasuko wa ukucha,
na tone la kijani linachungulia, linaanguka kwenye chuma cha moto,
linatoweka kabla hujaliita tone.
Msheleli akalikinga kwa kidole, akakipeleka mdomoni.
Nikamchapa mkono.
"Si kila kitamu ni asali. Hiyo ni kulanti.
Mbwa wa jirani alikufa nayo."

Tukazima. Rejeta ya moto haifunguliwi,
hata mwenye gari awe na haraka ya harusi.
Kusubiri nako ni kazi,
ila hakuna anayekulipia.
Kisha mpira mpya, klipu mbili, kulanti mpaka alama,
na kuwasha, na kuinama, na kunusa:
chuma. Vumbi. Jasho la Msheleli.
Basi.

"Fundi Nyanzobe," Kapela akauliza, "ulijuaje kuna nyingine?
Ya kwanza tulishaiona."
Nikamjibu ni uzoefu.
Neno hilo lina nafasi ya kutosha,
hata bani zima linaingia.

Aliniachia kopo la asali.
Lipo dirishani, sijalifungua.
Na kila usiku, kabla ya kufunga geti,
nasimama kati ya magari yaliyozimwa,
nafumba macho,
navuta pumzi mara mbili.
Ya kwanza siiamini.